Maili za Jeruto

"Nani alivaa miguu yangu?"

Jeruto aliuliza hivyo mchana mmoja, ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zimejaa vumbi jekundu ilhali alikuwa amelala tangu chakula cha mchana. Kaka yake Kipngeno alicheka, akarudi kwenye gereji yake nyuma ya nyumba, hapo Kitale. Wako wanaume wanaodhani kicheko ni jibu.

Kipngeno alikuwa fundi wa spidomita za kale, zile zinazoendeshwa na waya unaozunguka kutoka giaboksi. Wenye magari ya michezo ya zamani, yale madogo ya milango miwili, walimtafuta hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Suam. Alijua kufungua kioo bila kukivunja, kupaka waya grisi, kutuliza mshale unaotetemeka. Na nyuma ya uso wa kila spidomita alikwaruza jina lake kwa msumari, kazi ikirudi aitambue.

Muda mfupi kabla ya vumbi lile, alikuwa amemuuzia Kiarie wa Bungoma gari la kijani alilolifufua mwenyewe. Gari lilikuwa limezunguka sana. Basi kabla ya kuliuza akafungua spidomita yake, akasukuma vigurudumu vya namba nyuma kwa sindano, maili zikapungua, gari likawa kama bikira. Ati kila fundi hufanya.

Siku iliyofuata vumbi lile, Jeruto aliamka na matope meusi vidoleni, kama ya mashamba ya mbali ya Cheptais. Kisha malengelenge. Kisha sauti: akikanyaga cherehani yake, kifundo cha mguu kililia tik, tik, mlio mkavu wa vigurudumu vya namba vikigeuka.

Nakhungu, muuza mahindi wa Kiminini, ndiye aliyeleta habari.

"Kipngeno, dada yako amenikasirikia nini? Jana mchana arikuwa anapita kwangu, miguu tupu. Nimemsalimia mulembe, hata hageuki. Na ananuka petroli, bana!"

"Jana mchana alikuwa amelala. Mimi mwenyewe nilimwona."

Nakhungu akashusha sauti. "Usinitishe. Mi najua Jeruto."

Mchana ule Kipngeno aliketi kando ya kitanda cha dada yake, na jua likiwa bado kali dirishani akanusa mpira ulioungua, akasikia tik zikianza polepole kisha zikikimbizana, akaona blanketi limetulia tuli wala mguu haujongei, lakini nyayo zile zilizolala mbele ya macho yake zikaanza kuingia vumbi, kwanza visiginoni, halafu kwenye nyufa, halafu kokoto ndogo ikachomoza katikati ya ngozi, na damu ikaifuata.

Alimwita Mama Khairunisa, jirani yao karibu na msikiti, anayewasomea dua wenye kusumbuliwa na majini, akamweleza alivyozirudisha nyuma maili. Mama huyo aliweka sikio kwenye kifundo cha Jeruto.

"Anahesabu," alinong'ona. "Barabara zina wenyewe. Maili ikishapitwa ni yao. Wewe umezichukua, sasa wanataka zitembewe upya. Na huyu jini humshika mwenye jina. Ndani ya ile saa ya gari uliandika jina la nani?"

"Mimi huandika langu."

"Sikuulizi unachoandikanga. Nauliza hiyo moja."

Kipngeno alitazama sakafu. "Jeruto."

"Kwa nini?" dada yake akauliza.

"Kiarie angefungua agundue... nisionekane ni mimi."

"Kwa hiyo nionekane ni mimi."

Tusimung'unye maneno. Wizi ulikuwa wake, mkono ulikuwa wake, msumari ulikuwa wake. Alipotafuta wa kubeba lawama, akamwona mwanamke anayempikia yeye na watoto wake.

Wakaenda Bungoma wote watatu. Kiarie alifungua banda akitabasamu. "Fundi, si ungesema unaleta wamama waombee gari, ningepika chai!"

Tabasamu halikudumu. Injini ilikuwa imezimwa, Kipngeno akachomoa waya wa spidomita mbele ya macho yao, na bado namba zikageuka, tik, na kifundo cha Jeruto kikaitikia, tik. Alizisukuma mbele zirudi zilivyokuwa, zikateleza nyuma. Alilikwaruza jina hadi bati likang'aa, nalo likajaa tena taratibu kama kidonda kinachofunga, likasomeka vilevile, na maili zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko maisha ya mtu.

"Jina halifutiki," alisema Khairunisa. "Andika lako juu yake. Wewe ulikosa, kwa hiyo wewe naweza kukuombea msamaha. Huyu hajakosa kitu. Nimwombee nini?"

"Na maombi yakikataliwa?" akauliza Kipngeno.

"Utatembea."

Kipngeno aliinua msumari. Ncha iligusa bati, ikachora mstari mmoja wa herufi ya kwanza, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa banda zima hadi Kiarie akakimbilia nje akikohoa, na zile tik zikasimama ghafla, kana kwamba kitu kimeinua kichwa kimsikilize anaamua nini.

Aliuweka msumari chini.

"Jeruto, mimi nina watoto," alisema.

Tik zikaanza tena. Miguu ya Jeruto ikageuka yenyewe kuelekea mlangoni, na safari hii alikuwa macho, wazi kabisa. Alishikilia mlango wa gari kwa mikono miwili, akamtazama kaka yake, akatoa raba zake mkobani na kuziangusha mbele yake.

"Basi piga magoti, Kipngeno," alisema. "Nifungie viatu."