Pijo la Marehemu Hussainali

Enyi watu wa Kilindoni mliokuwepo miaka ile Hifadhi ya Bahari ilipokuwa bado changa, mtaikumbuka nyumba ya marehemu Hussainali, ile yenye duka la vitambaa mbele na ua mpana nyuma. Na ninyi msio wa kwetu, nipeni masikio yenu kidogo. Yaliyoifika nyumba ile yanaweza kumfika yeyote mwenye ndugu.

Jumapili, duka likifungwa, ua ule ulikuwa raha kuutazama. Katikati, juu ya magogo manne ya mnazi, lilikaa gari la marehemu, Pijo 404. Lilikuwa limelala miaka kumi na minne, na hewa ya chumvi ilikuwa imelila hata sakafu ikawa matundu matupu. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Mzee alipofariki, wanawe wawili waliamua kulifufua. Khozema, mkubwa, mwenye kuliendesha duka, alishika injini. Qusai, mdogo wake, fundi wa mashine za boti, alishika bodi: alikata bati lililooza kwa tindo, akapasua mapipa ya mafuta, akayanyoosha kwa nyundo na kuchomelea viraka. Tahira, mke wa Khozema, alishona viti upya kwa cherehani yake. Na mama yao, Bi Roshan, alikaa barazani mguu mmoja ameunyoosha juu ya mto, bakuli la mafuta ya taa mapajani, akisugua nati moja moja kwa mswaki mkuukuu.

"Hii nayo ya wapi?" angeuliza.

"Ya mlango wa nyuma, Mama," Qusai angemjibu.

"Basi niisugue vizuri. Mlango huo ndio nitakaopandia mimi."

Bi Roshan alikuwa na safari yake. Dada yake mkubwa, Bi Farzana, aliishi Bweni, kaskazini kabisa mwa kisiwa, karibu na mnara wa taa. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Macho ya Bi Farzana yalikuwa yamefifia, na nyonga ya Bi Roshan ilivunjika alipoteleza kisimani, ikaunga vibaya. Barabara ya Bweni mnaijua, mashimo matupu. Alijaribu mara moja kwenda kwa lori la nazi, hakufika hata nusu ya njia. Alirudishwa analia kwa maumivu. Ila Pijo, alisema, lina springi laini, na marehemu aliwahi kumbeba nalo akiwa na mimba ya Qusai bila kumtikisa. Tangu hapo akawa anamwandikia dada yake barua, yeye akisema na Tahira akiandika: usihangaike kuja, gari li karibu kwisha, nitakuja mimi.

Na kweli lilikuwa karibu kwisha. Kutu ilikuwa imetoka, rangi ya krimu imepigwa, breki zimefungwa mpya. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, moshi ukajaa uani, Bi Roshan alipiga makofi kama mtoto. Ulikuwa umebaki ukaguzi wa polisi tu.

Juma hilohilo alikuja mgeni, meneja wa hoteli moja ya Utende. Alitaka gari la kuchukulia watalii uwanja wa ndege, na alikuwa amesikia habari za Pijo. Alilizunguka, akapapasa boneti, akatabasamu.

"Zuri sana," alisema. "Ni la nani?"

"Langu," alisema Khozema.

"Langu," alisema Qusai.

Walisema pamoja. Tahira, aliyekuwa amebeba sinia la chai, alisimama palepale. Mgeni akacheka, akidhani ni utani. Lakini ndugu wawili hawakucheka.

"Baba aliniambia mimi," alisema Qusai. "Nikiwa darasa la saba. Alisema siku nitakayoweza kulitembesha, ni langu. Na bodi hii yote, kaka, ni mikono yangu."

Khozema alitia mkono mfukoni, akatoa kadi ya gari, akamwonyesha. Ilikuwa imekwisha kuandikwa jina lake, na miezi minane ilikuwa imepita bila kumwambia mtu. Hata Tahira hakujua. Qusai aliisoma, akaisoma tena, akamrudishia. Akafuta mikono kwa kitambaa, akatoka bila kunywa chai.

Asubuhi ya pili, Khozema akiwa dukani, Qusai alirudi na spana zake. Alifungua boneti, akang'oa kabureta, akaifunga katika gazeti, akaondoka nayo kwenda Utende, humuhumu kisiwani, alikokuwa na kazi ya kutengeneza mashine za boti za wazamiaji. Alikodi chumba huko akahamia. Khozema alipogundua, alifungua magurudumu yote manne akayafungia stoo, ili mdogo wake asije kulivuta gari. Kisha akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka barazani kwamba jina la Qusai lisitajwe mbele yake.

Bi Roshan hakuwa barazani. Alikuwa chumbani, amelala kwa homa, hakusikia kitu. Jioni alimuuliza Tahira, "Qusai mbona hajaja kunisalimu?"

Tahira aliangalia mlangoni. Mumewe alikuwa amekaa pale nje, mgongo umewageukia. Alikuwa mwanamke mwema Tahira, mtu wa kupenda watu wakae kwa amani, na alimpenda mama mkwe wake kuliko mama yake mzazi. Akasema neno la kwanza lililomjia.

"Amekwenda Dar, Mama. Kabureta imeharibika, kaenda kutafuta nyingine."

"Bila kuniaga?"

"Ulikuwa umelala. Hakutaka kukuamsha."

Ndugu zangu, huo ulikuwa uongo wa siku moja, au ndivyo Tahira alivyodhani. Alisema moyoni kwamba wanaume wangepoa, kabureta ingerudi, na mama asingejua kitu. Lakini wanaume hawakupoa. Khozema aliagiza kabureta nyingine kutoka Dar. Iliyokuja haikuwa ya aina ile. Aliirudisha, akafunika gari kwa turubai. Qusai naye alisema wazi kwamba kaka yake akitaka kabureta, aje mwenyewe Utende amwombe.

Ikawa kila siku Tahira anatafuta cha kumwambia mama. Siku moja meli imeharibika. Siku nyingine fundi wa Dar kamwambia angoje mzigo. Alitunga hata salamu. Bi Roshan alizipokea zote, akamwombea mwanawe dua kila baada ya sala. Ijumaa, wakipika wali, alitenga sahani ya Qusai na kuifunikia. "Huenda akatokea leo," alisema. Jumamosi asubuhi Tahira aliibeba sahani ile mpaka nyuma ya nyumba, akawamwagia kuku, akaiosha na kuirudisha kabatini.

Miezi saba ilipita hivyo. Nyonga ilizidi, mama hakutoka tena kitandani. Specioza, muuguzi kutoka bara aliyekuja kumtibu vidonda vya mgongo, alimvuta Tahira pembeni siku moja.

"Dada, nilikuwa Utende juzi. Nimemwona shemeji yako. Mbona mama anasema yuko Dar?"

Tahira akamweleza yote. Specioza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama huyu hana miezi mingi," alisema. "Mwite mwanawe."

Siku hiyo Tahira alimkabili mumewe. "Mama anazidiwa. Nimwite Qusai?"

"Mlango sijaufunga," alisema Khozema. "Aje na kabureta."

"Baba watoto, mama haulizi kabureta. Anamuuliza mwanawe."

Khozema alichukua funguo za duka akatoka. Lakini Tahira alimwona amesimama uani kitambo, mkono juu ya turubai, kichwa kimeinama.

Basi Tahira akamtuma Specioza kwa Qusai, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hajajisamehe mpaka leo. Angesema, mama yako anakufa, njoo, Qusai angekuja mbio. Lakini aliogopa. Qusai akiingia ghafla, mama angemuuliza habari za Dar, na uongo wa miezi saba ungefunuka mbele ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo alimwambia Specioza, "Mwambie tu mama anamsalimu, na akipata nafasi aje." Specioza alikunja uso, lakini akakubali, kwa kuwa mambo ya nyumba za watu si yake. Qusai alipopata salamu hizo aliuliza, "Kaka amesema nini?" Specioza akamwambia hakutumwa neno na kaka. "Basi mwambie mama nitakuja," alisema Qusai, akarudi kwenye mashine yake.

Bi Roshan aliugua wiki tatu zaidi. Siku moja kabla ya adhuhuri alimshika Tahira mkono.

"Mwandikie Qusai barua. Mwambie aache hicho chuma arudi."

"Nitamwandikia, Mama."

"Mimi ndiye niliyemtaabisha. Nisingetaka kwenda Bweni, mtoto asingehangaika mji wa watu miezi yote hii kwa ajili yangu. Mwambie sitaki tena safari. Mwambie namtaka yeye."

Tahira alitaka kusema. Maneno yalifika mdomoni kabisa: Mama, yuko Utende. Akamwona alivyochoka, mashavu yameingia ndani, akasema, "Pumzika kwanza. Kesho nitaandika." Kesho yake saa nne asubuhi Bi Roshan alifariki, Tahira akimnywesha maji kwa kijiko.

Qusai alipata habari kwa dereva wa lori. Alikuja kwa baiskeli, shati limemganda mwilini kwa jasho, akamkuta mama yake amekwisha kuoshwa na kukafiniwa. Akafunuliwa uso kidogo amtazame. Yeye na Khozema walilichukua jeneza upande mmoja, huyu mbele na huyu nyuma, hawakusemezana mpaka makaburini. Bi Farzana alifika jioni, maziko yamekwisha, amekaa kiti cha mbele cha lori la nazi, akishikwa mkono na jirani yake wa Bweni. Alipapasa mlango, akapapasa kitanda kitupu.

"Ningekuja," alisema. "Kwa lori hilihili ningekuja, hata ningetapika njia nzima. Lakini kila barua ilisema, usihangaike, gari li karibu kwisha."

Tahira, aliyeziandika barua zile, alimletea maji akatoka nje.

Siku ya tatu Qusai alimfuata jikoni.

"Shemeji, mama aliniuliza?"

"Kila siku."

"Ukamwambia nini?"

Tahira aliweka chini kisu alichokuwa akikatia vitunguu. "Nilimwambia uko Dar, unatafuta kabureta."

Qusai alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Nilikuwa Utende," alisema. "Kwa baiskeli ni asubuhi moja tu."

"Najua, shemeji. Nisamehe."

"Alikufa akidhani siwezi kuja." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Na ungemwambia kweli, angekufa akijua naweza na sitaki. Sasa nikulaumu vipi? Nikulaumu au nikushukuru? Niambie wewe, mimi sijui."

Akainuka. Alikwenda uani, akafunua turubai, akatoa kabureta katika mfuko wake na kuifunga. Khozema alimwona kutoka dirishani. Alifungua stoo, akayatoa magurudumu moja moja akiyasukuma mchangani. Walifanya kazi bega kwa bega, hawakusema ila "nipe spana ya kumi na tatu" na "shika hapa". Kazi waliyoishindania miezi minane ilikwisha kabla ya alasiri. Injini iliwaka, ikanguruma vizuri, haikukohoa hata mara moja. Ndipo Khozema alipokaa chini kwenye mchanga, mgongo kwenye mlango wa nyuma, akalia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Qusai alimtazama, akamwekea mkono begani, kisha akachukua spana zake akaondoka.

Pijo lilipita ukaguzi. Khozema hulibebea mizigo ya duka, na kadi amekwisha kuandikisha majina mawili, lakini Qusai hajawahi kulipanda. Wakikutana husalimiana vizuri, wakaulizana hali za watoto, wakaachana. Tahira naye, akienda sokoni, huenda kwa miguu.

FUNZO

Ndugu zangu, mali ya marehemu iwekwe wazi mapema, mbele ya wote wanaohusika. Lau Khozema angesema habari za kadi siku ya kwanza, wangegombana siku mbili wakapatana. Na wewe uliyekosewa, mdai ndugu yako haki yako, lakini usimfanye mama yako alipe kosa la kaka yako.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tunaokaa katikati, tunaopenda amani, tunaoficha huku na kupamba kule ili mtu asiumie. Tahira hakuwa mtu mbaya. Ameniruhusu niyaseme haya, na ameniomba nisimpunguzie. Mgonjwa akikuuliza mwanawe yuko wapi, mwambie alipo, kisha nenda ukamlete. Nenda siku hiyohiyo. Wenye ugomvi watakasirika, watafoka, huenda wakavunja na vyombo, waache. Hasira zao zitakwisha. Mama hakungoja mpaka Tahira aandike ile barua.