Vidato Vingapi, Mlango Upana Gani

Zipora alikuwa akienda na kurudi barazani kwa kiti mwendo chake, hadi magurudumu yakachora njia kwenye vumbi.

"Da' Zipora, unachimba mtaro?" aliuliza jirani yake, Khairat. Khairat alifanya kazi miaka minane Zanzibar, katika hoteli ya wageni wa Kiitaliano.

Zipora ni fundi wa kupogoa mizabibu Makutupora. Alikuwa amealikwa Italia kwa mafunzo ya wiki mbili. Siku hiyo alitakiwa kuthibitisha nyumba ya kulala.

"Nimewauliza kama panafikika kwa kiti mwendo. Wamesema ndiyo."

"Sasa mbona hutulii?"

"Hata Mpwapwa walisema ndiyo."

Mwaka uliopita alikwenda semina Mpwapwa. Ukumbini alikuta vidato vinne vya ngazi. Wanaume wakambeba kama gunia la ulezi. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake. Kwa siku tatu hakunywa maji mpaka jioni, asije akahitaji choo.

"Mwenye nyumba anataka mgeni, lazima aseme ndiyo," Khairat alisema. "Wewe omba namba. Kiti chako kina upana gani?"

Zipora hakujua.

"Nafasi kati ya mizabibu unazijua zote, kiti chako hukijui?"

Walipima kwa tepu: sentimita sitini na sita. Kisha Khairat akaandika:

*Uso la sedia a rotelle.* Natumia kiti mwendo.
*Quanti gradini ci sono all'ingresso?* Kuna vidato vingapi mlangoni?
*C'è l'ascensore?* Kuna lifti?
*Quanto è larga la porta del bagno?* Mlango wa choo una upana gani?
*Può scriverlo, per favore?* Unaweza kuniandikia, tafadhali?

"*Quanti* tamka 'kwanti'. *C'è* tamka 'che'."

Zipora alirudia mpaka Khairat akaacha kumsahihisha. Akapiga simu. Ulimi ulijikwaa, lakini alieleweka. Baadaye ujumbe ukaingia: vidato vitatu, mlango hamsini na nane.

"Kumbe ndiyo yao ndiyo hii," alisema.

Nyumba ya pili ilikuwa na lifti, ila mlango wa choo ulikuwa sitini. Ya tatu iliandika: vidato 0, mlango 85. Zipora alivuta tepu ukutani, akatazama sentimita themanini na tano kwa macho yake, ndipo akathibitisha. Maswali yaleyale akayapeleka kwenye chuo cha mafunzo.

Mwezi uliofuata Khairat alipokea picha kutoka Italia. Ilikuwa saa sita mchana, na mezani palikuwa na glasi ya maji, tupu.

Chini Zipora aliandika: "Hii ni glasi ya tatu leo."