Kiatu cha Kushoto cha Edgardo

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika karakanani kwa fundi Monche, pale mjini Bayamón, kuchagua klachi. Nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Hata kahawa ilinikataa.

Gari lenyewe, lililokuwa tayari karakanani, lilikuwa la kaka yangu Edgardo: Toyota ndogo ya njano, injini imebadilishwa, nguvu mara tano ya ile ya kiwandani. Miezi minane nyuma, kwenye mashindano, klachi ilipasuka. Vyuma vilitoboa sakafu vikamkata mguu wa kushoto. Alikufa njiani kwenda hospitali. Mguu haukuonekana.

Klachi ile aliifunga nani? Monche. Baba yake wa ubatizo!

Msibani tuliuketisha mwili wa Edgardo, uliotiwa dawa usioze, garini mwake, kama alivyotaka mwenyewe, mikono kwenye usukani. Kiatu cha kushoto nilikijaza pamba nikakiweka juu ya pedali. Kisha tukamzika na viatu vyake vyote viwili.

Jumapili ningeendesha mimi, kwa heshima yake. Injini ile hakuna mwingine aliyeijua zaidi ya Monche, na hilo nalo lilinichoma.

"Hii laini, Yaritza," akasema, akiiweka klachi ya kwanza mezani. "Ya kwenda sokoni na kurudi."

"Naenda kushindana, siendi kununua ndizi."

"Basi hii ya vipande vya shaba. Inang'ata, lakini pedali yake nzito, goti utalisikia." Akafunua ya tatu, inang'aa kwa rangi. "Ila yako ni hii, binti yangu. Mpya kabisa. Naapa..."

Tap.

Sauti ilitoka garini. Vyura waliokuwa wakipiga kelele nje wakanyamaza wote.

Tap... tap.

Pedali ya klachi. Inashuka, inapanda. Garini hamkuwa na mtu. Nikasikia harufu ya klachi iliyoungua, halafu ya dawa ya maiti.

"Kebo imelegea," Monche akanong'ona.

"Weka chini hiyo klachi."

Akaiweka. Kimya.

"Inyanyue."

Tap.

Nikamnyang'anya, nikaikwangua rangi kwa bisibisi. Chini yake chuma kilikuwa na ufa mrefu, umechomelewa.

"Na ya Edgardo uliichomelea?"

"Yaritza, mafundi wote..."

"Uliichomelea?"

Akainamisha kichwa.

"Mshenzi wewe! Na msibani ulilia kunishinda mimi!"

Nikachukua ile ya shaba, nikafungua mlango wa gari ili nilegeze breki, nilisukume nje peke yangu.

Juu ya pedali kulikuwa na kiatu cha kushoto.

Chekundu. Kamba nilizozifunga kwa mkono wangu. Kina udongo mbichi.

Monche alikiona. Akatoka mbio, akaacha karakana wazi. Siku hizi yuko mjini Orlando kwa bintiye, anachechemea mguu wa kushoto, na madaktari hawaoni ugonjwa.

Nilikiinua kile kiatu. Msibani kilikuwa chepesi, pamba tupu.

Sasa kilikuwa kizito.

Klachi ya shaba niliifunga mwenyewe, siku mbili, nikitukana. Kiatu nilikifungia mkanda kwenye kiti cha pembeni, maana kukitupa sikuweza.

Jumapili niliondoka vizuri. Nilipotaka kuingiza gia ya pili, nikapeleka mguu kwenye pedali.

Palikuwa na mguu mwingine, umeshatangulia kuikanyaga.

Ulikuwa na joto.