Zulia la Ndege Wawili

Wallahi sizushi, yalimkuta shoga yangu Bashayer wa mtaa wa Khuwair. Bibi yake, aliyekuwa akizipaka mvi zake hina, alikuja kutoka Unguja na zulia la Kihindi lililofumwa kwa mkono, ndege wawili wanatazamana mtini. Aliusia, "Msije mkalikata, wajukuu zangu." Alipokufa, Bashayer na dada yake waliligombania, wakalikata kati ya wale ndege, kila mmoja akachukua nusu. Tangu hapo roho inamsuta Bashayer.

Magharibi moja alirudi nyumbani na uzi wa kupindia ukingo wa nusu yake. Majlisi, chumba cha wageni, ilikuwa giza, na ndani akasikia chanuo la kufumia likishindilia nyuzi: ta, ta, ta.

"Bibi, nisamehe," alisema. "Nimekukosea."

Akawasha taa. Palipokatwa, ndege wa pili ameanza kufumwa, mdomo na jicho. Uzi wake ni mvi ndefu, na hina yake bado mbichi.