Hodi ya Pili

Ilianza na hodi, na hodi yenyewe haikupigwa na mgeni. Aliipiga mwenye nyumba, ndani ya chumba chake mwenyewe, saa nne asubuhi, viganja vikiwa vinawaka moto kwa kupiga makofi.

Walimwita Fundi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kurekodi sauti za watu: matangazo ya maduka, kwaya, washairi wasioambilika. Studio ndiyo hicho chumba cha kulala. Kuta tupu, dari tupu, sakafu ya saruji, mlango mmoja wa sebuleni na mwingine wa kutokea uani. Ukiimba humo sauti inagonga ukuta, inarudi, inaingia kwenye maiki kwa kuchelewa kidogo, na rekodi inasikika kama umejifungia ndani ya pipa. Siku nyingine Fundi angesema potelea mbali. Wiki hiyo hapana.

Mwimbaji alikuwa dada yake. Alhamisi madaktari walikuwa wamtoe uvimbe kooni, na walishamwambia bila kuzunguka kwamba sauti huenda isirudi. Alikuja Jumapili na begi moja, amemshika mkono binti yake wa miaka mitatu, Kidosho.

"Nataka wimbo mmoja tu, wa kumlaza huyu," alisema. "Nikitoka huko bubu, awe ananisikia. Lakini anisikie nimekaa kitandani kwake, mdogo wangu, siyo napiga kelele kwenye tangi la maji."

"Niachie mimi," Fundi alijibu. Jamani, angejua!

Jumatatu akaingia vitani na chumba. Aliitoa maiki katikati, akafungua kabati ili dada aimbe akiwa ameelekea nguo zilizojaa, maana nguo hazirudishi sauti. Nyuma ya mgongo wake akasimamisha godoro. Blanketi ukutani, zulia chini, pazia zito dirishani. Mkewe akachungulia, akaona kitanda kimebaki mbao.

"Na sisi tutalala wapi? Juu ya wimbo?"

Kila akiongeza kitu, Fundi alipiga kofi moja na kusikiliza kwenye hedifoni. Pa! Halafu kwa mbali, kutoka kona ya juu ya dirisha, pa. Akasogeza blanketi. Pa, pa. Viganja vilipochoka akaona atumie neno, fupi na lenye mshindo, na mtu aliyesimama mbele ya ukuta atasema neno gani?

"Hodi!"

"Hodi," kona ikarudisha.

Dada alikuwa uani anakunywa maji ya vuguvugu. Hata hakugeuza shingo. "Karibu!"

Fundi akacheka mpaka akavua hedifoni. "Unamkaribisha nani? Mimi si niko ndani kwangu?"

"Ulimi tu umezoea. Nimesikia hodi mbili. Ya kwanza nimeijua ni yako."

"Na ya pili?"

Dada akakishusha kikombe. "Ya pili ilikuwa ya mtu anayesubiri kujibiwa."

Alasiri chumba kikaanza kunuka udongo uliolowa, na nje hakukuwa na hata tone la mvua.

Jumanne ndiyo siku Fundi alitamani kuipiga teke kila samani aliyonayo. Aliazima godoro la jirani. Akatundika mashuka, taulo, hadi koti lake la harusi. Jirani akamshauri abandike trei za mayai ukutani, akamjibu kwamba trei za mayai ni za mayai, ondoka. Kwa vitambaa vile vyote mwangwi ulipaswa kufa. Badala yake ulikuwa unasogea. Kila blanketi lililoongezwa, ule mwitiko wa konani ulisikika karibu zaidi, mnene zaidi, kama mtu anayeshuka ngazi taratibu ili asikushtue.

"Haiwezekani!" alifoka. "Sauti haina pa kugonga! Inarudi kutoka wapi?"

"Usinifokee mimi," dada alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Koo linaniuma. Leo linaniuma kuliko jana."

Dada aliimba mara kumi na moja. Mara kumi na moja Fundi alifuta. Alikasirika na maiki, na kuta, na aliyeijenga nyumba, na dada akawa anakasirika naye, maana kila mara alikuwa anatoa sauti aliyobakiwa nayo na kila mara inatupwa. Mara ya kumi na mbili Fundi akaamua kuutafuta mwangwi kwa macho. Kwenye kompyuta sauti huchorwa kama vilima: kilima kikubwa ni cha mwimbaji, na nyuma yake kilima kidogo, ndio mwangwi.

Kilima kidogo hakikuwa nyuma. Kilikuwa mbele.

Akakodoa macho, akarudia, akakuza picha mpaka ikajaa kioo kizima, akijiambia ni waya, ni mashine mbovu, ni uchovu wa siku mbili, na bado kile kilima kilisimama pale pale kabla ya kila neno, kikianza "lala" wakati dada hajafumbua mdomo, na alipobonyeza kusikiliza, ile sauti ya mbele ikatoka laini, safi, kavu, ya karibu kabisa, sauti ya mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda cha mtoto, huku nyuma yake, mbali, kama kutoka ndani ya pipa, kukisikika mkwaruzo wa kitu kinachofuatisha maneno kwa shida.

Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Mimi ni ipi hapo?" akanong'ona.

Fundi akaisimamisha rekodi. Harufu ya udongo ilikuwa imewajaa puani.

"Niambie. Ile nzuri ndiyo mimi?"

"Dada, tutoke humu."

"Inaninyonya," alisema, machozi yakimtoka. "Kila nikirudia, inachukua. Na wewe unaniambia rudia, rudia!"

Maneno hayo yalimkata Fundi maini, kwa sababu yalikuwa kweli.

Jumatano asubuhi mkewe hakuomba ruhusa ya mtu. Akaenda kumwita Mama Cherehani, mama wa makamo aliyeshona sare za shule na, watu wakizidiwa, kutoa majini. Alifika na futi shingoni na pini kwenye kola. Akasimama mlangoni mwa chumba, akapiga kofi moja, akasikiliza.

"Hapa pamejaa," alisema taratibu. "Nani alimkaribisha?"

Wakatazamana. Dada akainua mkono kama mwanafunzi.

"Alipiga hodi akajibiwa, kwa hiyo hakuvunja mlango wa mtu. Ni mgeni. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wako, mwanangu. Aliyekaribisha ndiye anayesindikiza. Ingia peke yako, mwambie nyanyuka, mtoe kwa mlango wa uani, mwambie kwaheri. Kwaheri, basi. Usimwambie karibu tena. Umenisikia? Utasema nini?"

"Kwaheri."

"Na utaacha nini?"

"Karibu tena."

"Haya. Sisi wengine tukae sebuleni."

Walikaa, Kidosho kwenye mapaja ya mkewe Fundi. Walisikia dada akinong'ona, kisha mlango wa uani ukilia kwenye bawaba, kisha ubaridi ukapita chini ya mlango wa sebuleni, ukawagusa vifundo vya miguu, ukarudi. Dada akatoka, akaitikia kwa kichwa kwamba tayari.

Mama Cherehani akapiga kofi. Pa. Basi, ikaishia hapo hapo. Chumba kilikuwa kimya kama ndani ya mto wa kulalia.

Dada akaimba mara moja. Sauti ilikwaruza hapa na pale, lakini ilikuwa yake, na hakuna kitu kilichomfuata wala kumtangulia. Fundi alilia waziwazi nyuma ya kompyuta bila kuona aibu.

Alhamisi madaktari wakampasua. Uvimbe ukatoka, na sauti ikaenda nao.

Baada ya siku tisa dada alikuwa amekaa sebuleni kwa Fundi, bandeji shingoni, daftari la kuandikia mapajani, Kidosho akichezea vifungo miguuni pake. Ilikuwa mchana mweupe. Fundi alikuwa ameleta kompyuta mezani, anausafisha ule wimbo, anakata kikohozi mwanzoni. Ndipo akagundua kwamba Jumatano ile hakuwa ameizima maiki. Ilirekodi asubuhi nzima.

Akavaa hedifoni. Akasikia hatua za dada juu ya zulia. "Nyanyuka, mgeni wangu." Bawaba. "Kwaheri."

Kisha, chini kabisa, kwa ile adabu ambayo ulimi huitoa bila kuiuliza akili, sauti ya dada ikaongeza, "Karibu tena."

Fundi akavua hedifoni polepole. Akamgeukia dada, naye dada akamwona uso, akaelewa, akafunika mdomo kwa mkono.

Mlangoni pakagongwa mara moja.

"Hodi," ilisema sauti ya dada, laini, safi, ya karibu.

Dada akaruka kutoka kitini, daftari likaanguka, akapanua kinywa kwa nguvu zake zote, na hakikutoka kitu. Kidosho alikuwa ameshasimama, uso umemng'aa, anaukimbilia mlango.

"Karibu, mama!"