Ngoma ya Sikio la Natacha

Kila asubuhi kule Kirolirwe, Makuza alikamua ng'ombe wake, na binti yake Natacha akamletea kibuyu cha maziwa. Lakini siku hizi Makuza aliita mpaka koo likamuuma. Natacha hakuja.

"Huyu mutoto iko na kichwa nguvu," alilalamika.

Majirani wakacheka wakisema, sikio la kufa halisikii dawa.

Béata, mama wa mtoto, ndiye aliyeona usaha masikioni. Akayeyusha siagi kidogo, akaitia humo, kama mama yake alivyomfanyia zamani. Usaha ukazidi. Ikafika siku Natacha akawa anatazama midomo ya baba yake ili ajue anasema nini. Makuza aliyempenda mtoto huyu kama mboni ya jicho lake akaingiwa na hofu. Je, kama hatasikia tena?

Wakampeleka kituo cha afya. Muuguzi Josiane alimulika masikio yote mawili.

"Mulitia nini humu?"

"Siagi, Mama," Béata akajibu kwa aibu.

"Mulimutakia mema. Lakini ndani iko ngozi nyembamba. Kwa Kifaransa tunaiita tympan. Jina hilo lilitoka kwa Wagiriki wa zamani, maana yake ngoma. Kwa Kiswahili tunasema ngoma ya sikio. Sauti inaipiga, inatetemeka, njo mutu anasikia. Ngoma za Natacha zimetoboka."

Makuza akainua kichwa. Yeye ndiye aliyewamba ngoma za kanisa lao.

"Ngoma ikinyeshewa inanyamaza," akasema.

"Na wewe unaifanyaka nini, Papa?"

"Naikaushaka. Polepole."

"Njo vile na hizi za Natacha."

Josiane akasokota kitambaa safi kama utambi. Akakiweka sikioni kinywe usaha, akakitoa, akaweka kingine, mpaka kikatoka kikavu. Kisha akatia matone ya dawa.

"Nyumbani fanyeni hivi hivi. Siagi, maziwa, kijiti, hapana. Akioga, maji yasiingie. Halafu murudi nimuangalie."

Makuza alisokota vitambaa mwenyewe. Béata akamtania: vidole vizito vile vilijifunzia wapi upole? Usaha ukakauka. Waliporudi, Josiane alisema ngozi inaanza kujifunga.

Asubuhi moja Makuza alikuwa akikamua, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Akasema kwa sauti ya chini, "Natacha, leta kibuyu."

"Niko nakuja, Papa."

Mikono ya Makuza ikasimama. Akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Hakuhitaji kitu. Alitaka kuitikiwa tu.