Taja Kabla ya Kutazama

Kila siku ya likizo, akishaosha vyombo na kupiga deki, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya uani, akakaa kumsubiri shangazi yake. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akifua, na mdogo wake aliapa kwamba aliongea hata usingizini.

Lakini shangazi alipotokea na bunduki mkononi, Chiriku alinyamaza bila kuambiwa. Shangazi alikuwa mwindaji mwenye kibali, na kazi yake ilikuwa kuwaondoa nguruwe pori waliovamia mashamba. Bunduki ilikaa katika kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwa shangazi mchana na usiku. Kila ilipotolewa, jambo la kwanza halikubadilika. Shangazi alifungua chemba, akapapasa kwa kidole kuhakikisha hamna risasi, kisha akamsogezea Chiriku aangalie.

"Iko tupu," Chiriku alisema.

"Umeona au umedhani?"

"Nimeona, shangazi."

Kwa majuma matatu alijifunza hivyo, bunduki ikiwa tupu. Alijifunza kukaa, kuvuta pumzi na kuitoa nusu, na kubana kifyatulio polepole. Shangazi aliweka sarafu juu ya mtutu, na Chiriku alitakiwa kufyatua bila kuiangusha. Mwanzoni sarafu ilianguka kila mara, mdogo wake akawa na kazi ya kuiokota chini ya meza na kucheka. Juma la tatu ikaacha kuanguka.

Siku hizo hizo dume moja la nguruwe pori lilimrukia muuza maziwa alfajiri na kumchana paja. Wakulima wakamwomba shangazi alifuate. Bunduki ilikuwa imetoka kwa fundi ikiwa na darubini mpya juu yake, na darubini mpya ni lazima ilinganishwe na mtutu kwa kupiga shabaha, la sivyo jicho litaona huku na risasi iende kule. Shida ilikuwa bega la shangazi. Lilikuwa limeteguka alipoanguka na pikipiki, na daktari alimruhusu kupiga risasi moja au mbili, basi. Hizo alizitunza kwa ajili ya dume lile. Tena risasi zenyewe zilikuwa nane tu, nyingine zingefika juma lijalo.

"Za kulinganisha utapiga wewe," alimwambia Chiriku. "Nitakuwa ubavuni kwako."

Walikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, mahali penye ukuta mrefu wa udongo wa kuzuia risasi. Shangazi alipigilia kwenye ubao karatasi yenye nukta nyeusi katikati, wakahesabu hatua mia moja, wakaweka mfuko wa mchanga juu ya jiwe bapa. Chiriku alivaa viziba masikio na kuinamia darubini. Misumari minne iliyoshika karatasi, ambayo kwa macho matupu hata ubao wake ulikuwa mdogo, aliiona mmoja mmoja. Aliona hata ule uliopinda.

"Sikiliza," shangazi alisema. "Ukishapiga, taja risasi imekwenda wapi kabla hatujatazama. Kidole chako kinajua mapema kuliko karatasi. Mimi nitasogeza darubini kwa kufuata neno lako."

Chiriku alibana. Mlio ulijaa machimbo yote, na kitako kikamsukuma begani.

"Katikati, nadhani."

"Tusidhani."

"Katikati, shangazi."

Ilikuwa karibu na katikati. Ya pili ikafuata, na tundu lake likagusana na la kwanza. Chiriku alishikwa na butwaa. Vitu viwili vilivyoruka hatua mia moja kwa kasi ile, vikatua pamoja kama macho ya mtu mmoja, na aliyevituma ni yeye asiyeweza hata kutupa ganda la ndizi likaingia pipani.

Lakini bega lilikuwa limeanza kuuma, naye alijua teke la bunduki linakuja. Risasi ya tatu alifumba macho na kuvuta kifyatulio kwa nguvu. Alijua saa ile ile kwamba ameharibu.

"Taja," shangazi alisema.

Chiriku alifikiria sarafu, na majuma matatu, na sifa zote alizokwisha kumwagiwa. "Katikati."

Shangazi alitazama. Tundu lilikuwa chini kushoto, kiganja kizima kutoka kwa wenzake. "Una hakika hukuvuta?"

"Sikuvuta."

"Basi darubini imelegea na kuhama." Kabla hajasema zaidi, simu yake ililia, wakulima walikuwa wamekusanyika wakimsubiri. Shangazi alikaza skrubu haraka haraka, kisha akazungusha vifundo viwili vya darubini. Kila kifundo kilitoa mlio mdogo, tiki, na kila mlio ulisogeza risasi upana wa punje ya mahindi. Milio kumi na miwili juu, minane kulia. Aliandika kwa penseli pembeni mwa karatasi na kuikunja. "Tusimalize risasi. Neno lako linanitosha."

Njia nzima ya kurudi nyumbani, Chiriku hakusema neno.

Alasiri muuza maziwa alikuja akichechemea kwa gongo, mkononi ana debe lake la maziwa. Aliliweka mezani ili waone tundu ambalo jino la nguruwe lilitoboa.

"Nimekuja kuagana na daktari wa nguruwe," alimtania shangazi, lakini alipoketi uso ulimkunjamana kwa maumivu. "Dada, yule mnyama hakimbii. Ukimjeruhi, anakujia. Mimi nimeokolewa na debe. Wewe kesho utakuwa kwenye mahindi marefu na huna debe."

"Mimi nina bunduki iliyolinganishwa," shangazi alijibu. "Na aliyeilinganisha hanidanganyi."

Chiriku alilitazama lile tundu. Lilipitisha vidole viwili bila kugusa ukingo. Aliisukuma chai yake pembeni. Aliona aibu, na aliogopa, lakini sasa aliogopa kitu kikubwa kuliko aibu.

"Shangazi," alisema, "ile risasi ya tatu nilivuta. Nilifumba macho. Bega liliuma, nikaona haya kusema."

Shangazi alitua kikombe. Muuza maziwa akajikuta ana shughuli nyingi na kifuniko cha debe.

"Kwa hiyo darubini haikuwa imehama."

"Haikuhama."

"Nimeihamisha mimi." Shangazi alisema hivyo kwa sauti ya chini, akautazama mkono wake uliozungusha vifundo. Hakufoka, na Chiriku angependelea afoke. Kisha alisimama. "Vaa viatu. Bado kuna saa nzima ya mwanga."

Kwenye machimbo, shangazi alifungua karatasi ya asubuhi na kurudisha milio yote, kumi na miwili chini, minane kushoto, akihesabu kwa sauti. Alibandika karatasi mpya juu ya ubao. Chiriku aliinamia darubini. Alipiga, na kidole kikamsaliti tena kidogo.

"Taja."

Machozi yalimlenga. "Chini. Kushoto. Kama punje tano hivi. Nimeshtuka."

Shangazi alitazama kwa darubini, kisha akampisha naye atazame. Tundu lilikuwa chini, kushoto, punje tano hivi. Chiriku alisahau kufuta machozi. Alikuwa amesema kitu kilichotokea hatua mia moja mbele, bila kukiona, na kikawa vile vile alivyosema.

"Hii ni risasi nzuri," shangazi alisema.

"Nzuri vipi na imekosa?"

"Imekosa pale pale uliposema imekosa. Sasa nimejua kosa ni la kidole, na darubini siigusi. Pumzika. Piga nyingine."

Chiriku alitoa nusu ya pumzi. Hakuwaza sarafu wala sifa. Alibana polepole mpaka mlio ukamkuta hajautarajia. "Katikati. Juu ya nukta, kwa punje moja."

Hakukuwa na haja ya kutazama, lakini walitazama. Ilikuwa juu ya nukta, kwa punje moja, mahali hasa palipotua zile mbili za asubuhi.

Kesho yake shangazi aliondoka kabla ya jua, na risasi tatu. Chiriku alikaa uani mbele ya kitambaa cheupe. Jua lilipopanda kidogo alisikia mlio mmoja kutoka upande wa mahindi. Alisubiri wa pili huku amekumbatia magoti. Haukuja.

Aliyekuja ni shangazi, matope hadi magotini. Alifungua chemba, akaipapasa, akamsogezea.

"Iko tupu," Chiriku alisema. "Nimeona."

Shangazi aliketi. "Alitokeza ukingoni mwa mahindi, hatua themanini hivi, akanijia. Ningekuwa na ile darubini ya jana mchana, sijui ningekueleza nini sasa, au nani angekueleza. Kosa la pili lilikuwa langu. Nilizungusha vifundo kwa risasi moja, kwa sababu nilikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Lakini la kwanza lilikuwa lako, nawe ulilisahihisha ukiwa bado na muda. Kushtuka hakukuwa kosa, mwanangu. Hata mimi hushtuka. Anayesema nimeshtuka, tunamrekebisha yeye. Anayeficha, tunakwenda kuharibu kitu kilichokuwa kizima, halafu mtu mwingine ndiye anayekutana na nguruwe."

"Sitaficha tena, shangazi."

Shangazi aliingiza mkono mfukoni, akaweka risasi mbili juu ya kitambaa cheupe.

"Zimebaki hizi," alisema. "Ile moja ilikwenda mahali ulipotaja."